Samaki wa Ngozi na Samaki wa Nakala: Maana Yake na Namna ya Kuchagua

Mvuvi wa mshipi anayevua kwa burudani, akimpata samaki ambaye hatarajii kumpata tena, huweza kutaka kumtundika ukutani awe kumbukumbu. Mafundi wa kazi hiyo wana njia mbili. Ya kwanza ni kumtumia samaki mwenyewe, yaani kumchuna, kuihifadhi ngozi yake kwa dawa na kuivisha juu ya umbo lililochongwa. Huyu tumwite samaki wa ngozi. Ya pili ni kutengeneza mfano wake kwa faibaglasi au rezini (kimiminika cha plastiki kinachoganda) inayomiminwa katika kalibu, bila kutumia hata gamba moja la samaki aliyevuliwa; huyo ndiye samaki wa nakala.

Tofauti hii huelezwa mara nyingi kana kwamba mmoja ni wa kweli na mwingine ni bandia, na maelezo hayo hupotosha. Tuangalie kazi ya ngozi inavyofanyika. Fundi humpasua samaki kwenye ubavu utakaoelekea ukutani, akaondoa nyama, mifupa na matumbo, akakwangua mafuta yaliyoganda chini ya ngozi, akaipaka dawa kama boraksi, kisha akaivisha kwenye umbo la povu gumu na kuifunga kwa nyuma. Macho huwa ya kioo. Mapezi yaliyokauka hukatika kwa urahisi, hivyo huwekewa kiimarisho. Kichwa kina nyama na mafuta katika sehemu ambazo kisu hakifiki vizuri, nacho husinyaa kinapokauka. Mafundi wengine hukijaza upya, na wengine hukiondoa na kuweka cha kutengenezwa. Rangi nayo hutoweka karibu yote, kwa hiyo samaki hupakwa rangi upya kuanzia mdomoni hadi mkiani. Mgeni anayemsifu samaki wa ngozi sebuleni, kwa sehemu kubwa, anaisifu brashi ya mchoraji. Kilichobaki cha samaki mwenyewe ni ngozi, magamba, mapezi na pengine meno.

Suala la mafuta ndilo linaloamua zaidi, ingawa wateja hulifikiria mwisho. Samaki wenye mafuta mengi, kama samoni na trauti wa maji yenye ubaridi mkali, na wengi wa baharini pia, huwa na mafuta yasiyotoka yote hata fundi awe hodari namna gani. Mafuta hayo huchuruzika polepole miaka kadhaa baadaye, yakaipenya rangi na kuacha madoa ya manjano. Ngozi isiyosafishwa vizuri huwavutia pia wadudu wanaokula mizoga mikavu, na mahali penye unyevunyevu huweza kuota ukungu. Samaki wa mito na maziwa yasiyo na ubaridi mkali, wenye magamba magumu na mafuta machache, hustahimili zaidi. Ndiyo maana kazi ya ngozi ilishamiri Marekani kwa samaki aina ya bass, ambao ni wa kundi hilo.

Kwa samaki wakubwa wa bahari kuu, kama marlini na sulisuli, mjadala umekwisha zamani. Wale wanaoonekana kwenye kuta za hoteli na vilabu vya uvuvi siku hizi karibu wote ni faibaglasi tupu, hata pale ambapo samaki aliuawa na kuletwa gatini. Maana yake ni kwamba kumuua sulisuli kwa ajili ya ukuta ni kumuua bure. Katika maji ya Malindi na Watamu, ambako wengi wao huwekwa alama ya utambulisho mwilini na kuachiliwa, mvuvi anayetaka ukumbusho hana haja ya kitu kingine zaidi ya picha na vipimo.

Nakala humpa mvuvi uhuru mwingine usiotajwa sana: anaweza kumla samaki wake. Mfano maarufu ni bass aliyevuliwa na George Perry huko Georgia, Marekani, mwaka 1932. Alikuwa na uzito wa ratili 22 na aunsi 4, yaani kilo 10 na kidogo, na familia ilimla. Vipimo vyake, urefu wa inchi 32.5 na mzingo wa inchi 28.5, viliandikwa, na kwa kuwa ngozi haikuhifadhiwa, mfano wowote wa samaki huyo hauwezi kuwa chochote ila nakala.

Udhaifu wa nakala ni kwamba kalibu huwa imetokana na samaki mwingine wa aina na ukubwa unaokaribiana. Kovu la nyavu, pezi lililomegwa, taya lililopinda, vyote hivyo fundi ataviongeza kwa mkono tu endapo picha zinavionyesha. Kama aina ya samaki si ya kawaida, huenda kalibu isipatikane, na kuitengeneza upya ni gharama kubwa. Marekani mafundi hutoza kwa kila inchi ya urefu, na kwa kawaida nakala huwa ghali zaidi, lakini hudumu zaidi.

Kwa maoni yangu, samaki wa ngozi anafaa pale tu ambapo samaki amekwisha kufa, ni wa aina isiyo na mafuta mengi, na ana alama ambazo mwenyewe anataka kuzihifadhi zilivyo. Samaki huyo asitumbuliwe wala kukwanguliwa magamba. Azungushiwe kitambaa kibichi, mapezi yakiwa yamelazwa mwilini, atiwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kugandishwa kwenye friza akiwa amenyooka.

Njia yoyote itakayochaguliwa, picha zipigwe mapema. Fulusi, kwa mfano, hung'aa kwa dhahabu, kijani na buluu akiwa hai, na dakika chache baada ya kufa huwa wa kijivu. Fundi asiyepewa picha atapaka rangi za kubahatisha. Samaki wa kuachiliwa apimwe kwa utepe laini, urefu kutoka ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia, na mzingo mahali mwili ulipo mnene zaidi. Apigwe picha ubavu mzima kwenye mwanga wa jua, akiwa ameshikwa kwa mikono iliyolowa, na arudishwe majini bila kukawia.