Seksheni: shule iliyobaki baada ya jeshi kuhama

Shabiki yeyote wa PSG ameutaja mji huu mara elfu bila kujua. S na G ni Saint-Germain, yaani Saint-Germain-en-Laye, mji ulio juu ya kilima kando ya mto Seine, kilomita kama 20 magharibi mwa Paris. Klabu ilizaliwa mwaka 1970 kwa kuunganisha timu ya Paris na timu ya mji huo, na kwa miaka mingi wachezaji walifanya mazoezi msituni, jirani na kambi ya jeshi iitwayo Camp des Loges. Kambi hiyo ishikeni, tutaikuta tena.

Mimi si mtu wa mpira. Nafundisha Kifaransa, na kwa muda mrefu nimekuwa nikifuatilia historia ya elimu ya Ufaransa, hasa shule moja iliyo katika mji huohuo: Lycée International. Kila nikiitaja, swali la kwanza ni lilelile: ada ni shilingi ngapi? Siwalaumu wanaouliza. Kwetu Dar ukisema "shule ya kimataifa" mtu anaona ukuta mrefu Masaki, basi lenye kiyoyozi na ada ya dola. Ila hii ni shule ya serikali. Mwalimu wake wa hisabati ni mtumishi wa umma kama mwalimu wa shule ya kata, analipwa na wizara. Kuna ada mahali fulani, ndiyo, na nitaifikia, kwa sababu hapo ndipo penye donda.

Tuanze na jeshi. Mwaka 1951 makao makuu ya majeshi ya NATO barani Ulaya, SHAPE, yalifunguliwa Rocquencourt, karibu na Versailles, chini ya Jenerali Dwight Eisenhower. Maofisa wakaja na wake zao, na wake wakaja na watoto. Wafaransa wakawajengea kijiji kizima Saint-Germain, katika eneo la kasri la Hennemont, kwa michoro ya Jean Dubuisson. Nyumba zilikuwepo, lakini watoto wa Waingereza, Waholanzi, Wamarekani, Wanorwe na wengineo walihitaji mahali pa kusoma.

Njia rahisi ilikuwa inajulikana: kila taifa lifungue shule yake ndani ya uzio wake. Wanajeshi duniani kote hufanya hivyo hadi leo. Mwaka 1952, chini ya mkuu wa shule wa kwanza, René Tallard, ikachaguliwa njia nyingine. Watoto wote wangekaa darasa moja la Kifaransa, kwa mtaala wa Ufaransa, kisha kwa saa chache kila wiki kila mmoja angekwenda kwa mwalimu wa nchi yake kusoma fasihi na historia kwa lugha yake. Kikundi hicho cha saa chache ndicho kinachoitwa *section*.

Nimehangaika na tafsiri ya neno hili. "Mkondo" linapotosha, maana kwetu mtoto wa mkondo A anaweza kumaliza miaka minne bila kuketi na wa mkondo B hata siku moja. "Idara" inanuka ofisi. Nimeishia kwenye "seksheni", neno la kijeshijeshi, na nadhani linaistahili shule yenye asili hii.

Hebu mfikirie mtoto wa miaka kumi aliyeshuka kwenye meli akitokea Marekani bila neno hata moja la Kifaransa. Hawezi kutupwa kwenye somo la sayansi siku ya kwanza. Shule ikatenga madarasa maalumu ya wageni: Kifaransa asubuhi hadi jioni, mchanganyiko wa mataifa, mpaka mtoto aweze kuhamia darasa la kawaida. Kwangu mimi hiki ndicho kitu chenye akili kuliko vyote walivyobuni pale. Mdenmark na Mwitalia wakigombania mpira uwanjani hawana lugha ya kutukanana isipokuwa Kifaransa kibovu cha wote wawili, na Kifaransa kinapanda kwa kasi ambayo mwalimu peke yake haiwezi.

Mwaka 1955 Ujerumani Magharibi ikaingia NATO, na watoto wa Kijerumani wakaja Saint-Germain. Msomaji asipite hapa haraka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mji huu ulikuwa makao ya kamandi ya Ujerumani kwa upande wa magharibi, ile ya Jemadari von Rundstedt. Mahandaki ya zege ya Wajerumani yalikuwa bado yapo mjini. Muuza mikate aliyemhudumia mtoto huyo mwaka 1955 alikuwa amewaona wanajeshi wa Kijerumani mtaani miaka kumi na moja tu nyuma yake. Halafu mtoto anaketi dawati moja na Mfaransa na Mholanzi, wanafundishwa historia kwa Kifaransa, na siku ya pili kila mmoja anaisoma historia hiyohiyo kwa lugha ya kwao. Nimefundisha miaka mingi, na sijui mwalimu angeanzaje kipindi hicho.

Kisha jeshi likaondoka. Tarehe 7 Machi 1966 Jenerali de Gaulle alimwandikia Rais Lyndon Johnson barua: Ufaransa inabaki katika mkataba, lakini inajitoa katika kamandi ya pamoja, na majeshi ya kigeni yaondoke katika ardhi yake. Kikomo kikawekwa: mwanzo wa Aprili 1967. SHAPE ikahamia Casteau, karibu na Mons, Ubelgiji. Kamandi ya Marekani ya Ulaya iliyokuwa Camp des Loges, ile kambi ya jirani na wachezaji wa PSG, ikahamia Stuttgart. Malori yakapakia makabati, na familia zikafuata.

Kwa hesabu ya kawaida shule ilipaswa kufa. Wateja wameondoka, bajeti iliyokuwa na sababu za kijeshi imepoteza sababu, na kasri lipo tayari kwa matumizi mengine. Haikufa. Magharibi mwa Paris palikuwa na kampuni za kigeni zilizoleta wahandisi na mameneja, na hao nao wana watoto. Tena palikuwa na Wafaransa waliorudi kutoka ng'ambo, wenye watoto wanaozungumza Kiingereza au Kihispania vizuri kuliko Kifaransa. Shule ikawachukua hao. Nembo ya jeshi ikatoka, mfumo ukabaki. Leo ina seksheni 14, zikiwemo ya Kirusi na ya Kichina, jambo ambalo maofisa wa NATO wa mwaka 1952 wangelicheka.

Sheria ilichelewa. Amri ya serikali iliyozipa seksheni za kimataifa msingi wake katika shule za Ufaransa ni ya tarehe 11 Mei 1981. Wapenzi wa siasa watashtuka kidogo: François Mitterrand alishinda uchaguzi tarehe 10 Mei. Yaani wino wa amri hiyo ni wa siku moja baada ya serikali kushindwa, kabla haijakabidhi ofisi. Nani aliona ni lazima isainiwe wiki hiyo, ningependa sana kumuuliza. Tangu hapo mfumo ulisambaa: Ferney-Voltaire, mpakani na Geneva, ambako watafiti wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, wana familia, Lyon, Strasbourg, Grenoble na kwingineko.

Sasa mtihani. Mwanafunzi wa seksheni alikuwa anafanya bakaloria ya Ufaransa, yaani mtihani wa kumaliza sekondari, kama wenzake wote, lakini fasihi na historia na jiografia anajibu kwa lugha ya seksheni, kwa insha ndefu na kwa mdomo. Iliitwa OIB, yaani chaguo la kimataifa la bakaloria. Katika seksheni ya Kiingereza cha Uingereza, Cambridge inashiriki kusimamia. Katika ya Marekani ni College Board, taasisi ya mitihani ya huko. Seksheni ya Kichina ina kichekesho chake: badala ya historia wanasoma hisabati kwa Kichina. Wahusika hueleza sababu kwa adabu nyingi. Mimi nasema wazi kwamba kukubaliana juu ya kosini ni rahisi kuliko kukubaliana juu ya karne ya 20. Kuanzia mtihani wa 2024 OIB imepisha BFI, bakaloria ya Kifaransa ya kimataifa, iliyoongeza somo la "ujuzi wa dunia" lenye mradi ambao mwanafunzi anautetea mbele ya watahini.

Turudi kwenye donda. Masomo ya Ufaransa ni bure. Mwalimu wa seksheni analipwa na nani? Inategemea. Baadhi ya serikali hutuma walimu wao na kuwalipa. Kwa seksheni nyingine, kama ya Marekani na ya Uingereza, hakuna serikali inayotuma mtu, hivyo chama cha wazazi kinaajiri walimu na wazazi wanachangia maelfu ya yuro kwa mwaka. Ndani ya shule moja ya umma, mlango mmoja hauna bei na wa pili una bei. Tena ili uingie lazima ufaulu mtihani wa mchujo. Wakosoaji wanasema hiyo ni shule ya matajiri iliyovaa sare ya umma. Watetezi wanataja misaada ya ada, na watoto wa Kireno au Kipolandi ambao wazazi wao si mameneja wa popote. Nawaelewa wote, ila msimamo wangu uko karibu zaidi na wakosoaji: kama serikali imeiandika seksheni katika sheria, ingepaswa pia kumwandika mwalimu wake katika orodha ya mishahara.

Swali la mwisho ninaloulizwa huwa la Kiswahili: kwa nini hakuna seksheni yetu? Paris wanakifundisha INALCO, chuo cha lugha za kigeni, na kwa muda mrefu kilikuwa katika orodha ya lugha za hiari za bakaloria. Fasihi ya kusomesha tunayo, kuanzia tenzi hadi riwaya za jana. Kikwazo ni ile nusu nyingine. Seksheni inadai nchi mshirika yenye mtaala wa historia wa sekondari kwa lugha hiyo, na mwalimu aliyezoea kuufundisha. Nairobi historia ya sekondari inafundishwa kwa Kiingereza. Dodoma nako ndivyo ilivyokuwa miaka yote, mpaka lilipokuja juzijuzi somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Ningeombwa kesho kupeleka mwalimu Saint-Germain, ningemtafuta miongoni mwa wanaofundisha somo hilo, na wengi wao bado wanaandaa notisi zao za kwanza.