Jumuiya ya watumia maji sio CBWSO: maneno ya maji tunayoyachanganya na jinsi yanavyotucheleweshea haki

Habari zenu ndugu zangu. Mimi nafanya kazi upande wa maji vijijini, kazi yangu kubwa ni kukaa na wananchi kwenye mikutano, kusikiliza malalamiko na kueleza sheria inasemaje. Na kwa kweli ugomvi mwingi ninaoukuta huko chanzo chake ni maneno. Mmoja anasema jumuiya, mwingine anasema kamati ya maji, mwingine mradi, mwingine "wale watu wa maji", kila mtu anaelewa kivyake, malalamiko yanapelekwa ofisi ambayo haihusiki yanakaa miezi mpaka mwananchi anakata tamaa anaona hasikilizwi. Leo naomba tuyanyooshe haya maneno kidogo, hasa jumuiya ya watumia maji na CBWSO, yaani chombo cha kutoa huduma ya maji kijijini, nitaongelea Tanzania bara maana ndo ninakokujua.

Tuanze na hili la maji ya bure kwa sababu hamna mkutano nimewahi kukaa lisijitokeze. Mzee anasimama anasema sisi tulikuwa hatulipi, serikali ilituletea maji bure, nyie mmetoa wapi hii ya kulipa ndoo? Vijana wanamcheka. Msimcheke jamani, mzee yuko sahihi. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, lengo lilikuwa mpaka ifike 1991 kila kaya iwe inapata maji ndani ya mita 400, na mwananchi alikuwa halipi kitu, serikali inajenga, serikali inanunua dizeli, serikali inamleta fundi. Ila tuliokulia vijijini tunajua kilichofuata, injini ikiharibika inasubiriwa spea kutoka mkoani, dizeli ikiisha barua inaandikwa, na wakati barua inatembea akina mama wamesharudi kwenye visima vya zamani na punda. Kwa hiyo sera ya maji ya 1991 ikaleta habari ya mwananchi kuchangia, halafu ile ya 2002 ikaenda mbali zaidi ikasema gharama za kuendesha na kutengeneza mradi wa kijijini zitoke kwa wanaoutumia.

Sera hiyo hiyo ya 2002 ndo imetupa vile vipimo ambavyo mnavisikia kwenye hotuba, lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kisizidi mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Vishikeni hivyo vipimo maana vinasaidia sana. Kama kitongoji chenu kina watu 700 na kilula kimoja, yaani kituo kimoja cha kuchotea maji, hoja ya kupeleka kwenye mkutano mnayo tayari tena yenye namba, haina haja ya kupiga kelele.

Sasa tuje kwenye lile neno jumuiya, hapa naomba utulivu kidogo.

Mwaka 2009 zilipita sheria mbili za maji kwa mpigo. Namba 11 ni ya rasilimali za maji, yaani maji yakiwa bado mtoni, ziwani, kwenye chemchemi au chini ya ardhi. Namba 12 ilikuwa ya huduma ya maji, yaani maji yakishaingia kwenye bomba kuja kwa mtumiaji. Hizi zilizaa vikundi viwili tofauti huku chini na balaa ni kwamba vyote viwili wananchi wakaviita jumuiya ya watumia maji! Ile ya sheria namba 11 ndo jumuiya ya watumia maji yenyewe, wamo humo wakulima wa umwagiliaji, wafugaji, wote wanaotegemea mto mmoja, wanapangiana zamu na wanalinda chanzo, na mlezi wao ni bodi ya maji ya bonde. Mabonde nchini yako tisa, kuna Pangani, Wami/Ruvu, Rufiji, Ruvuma na pwani ya kusini, Ziwa Nyasa, Bonde la Kati, Ziwa Rukwa, Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria. Bodi ya bonde ndo inayotoa kibali cha kutumia maji, kwa hiyo ukisikia mtu kachepusha mto kupeleka shambani kwake swali la kwanza la kumuuliza ni kibali kiko wapi na kinamruhusu kuchukua kiasi gani.

Hiki kingine cha sheria namba 12, cha wananchi kuendesha mradi wao wa maji ya bomba, kilikuwa kinaitwa COWSO. Mwaka 2019 ikaja sheria namba 5 ya huduma za maji na usafi wa mazingira, ikaifuta ile namba 12, ikaanzisha RUWASA, wakala wa serikali wa maji na usafi wa mazingira vijijini, ambayo ilianza kazi tarehe 1 Julai 2019 (kabla ya hapo maji ya kijijini yalikuwa chini ya halmashauri, kwa mhandisi wa maji wa wilaya), na COWSO ikabadilika kuwa CBWSO, kwa Kiswahili chombo cha kutoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Mi nawaambia wananchi semeni tu "chombo", inatosha, ila msiseme jumuiya kama mnamaanisha chombo. Hiki chombo kinasajiliwa wilayani chini ya RUWASA, kina viongozi, kina fundi wa kuajiriwa, kina mtu wa hesabu, na kinaweza kuhudumia vijiji kadhaa vyenye mradi mmoja. Kwa hiyo ile kamati ya maji ya zamani ya kuchagua watu watatu pale chini ya mwembe imepitwa, na mwenyekiti wa kijiji hata kama tenki limejengwa pembeni ya ofisi yake mradi sio wa ofisi yake.

Nitoe mfano mmoja, kijiji sitakitaja. Kilula kilikauka wiki kadhaa, wananchi wakaandika barua kwenda RUWASA wilaya kwamba fundi wa chombo ni mvivu afukuzwe. Tulipoenda kuangalia fundi alikuwa anafanya kazi yake vizuri tu, tatizo lilikuwa juu, watu wamefungua mashamba ya nyanya mpaka kwenye mdomo wa chemchemi, wamezamisha na pampu za petroli, maji hayafiki kwenye bomba. Hapo fundi afanyeje? Malalamiko yale yalitakiwa yaende kwenye jumuiya ya watumia maji na bodi ya bonde, na kwa watu wa mazingira pia, maana sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo. Zile wiki zote wazazi wale walikuwa wanagombana na mtu ambaye hana kosa, na watoto wanachelewa shule wakitafuta maji. Iliniuma sana, kwa sababu kama wangejua tu tofauti ya hayo maneno mawili wangekuwa wameshapata msaada.

Twende kwenye hela sasa maana najua ndo mnaisubiri.

Uniti moja ya maji ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1000, yaani ndoo 50 za lita 20. Hiyo iwekeni kichwani. Mahali wanapouza ndoo shilingi 50 maana yake uniti ni shilingi 2,500, wanapouza shilingi 20 uniti ni 1,000. Familia ya watu 5 ikitumia zile lita 25 kila mtu ni lita 125 kwa siku, kwa mwezi wa siku 30 inafika lita 3,750, karibia uniti 4. Ukifanya hii hesabu utaona kwamba anayechota ndoo moja moja wakati mwingine analipa zaidi kuliko mwenye bomba nyumbani, na aliye mbali anayenunua kwa mtu wa toroli ndo anaumia kuliko wote. Hili mi linanikera kila siku, maskini analipia maji ghali kuliko mwenye uwezo, na ndo maana nasisitiza bei ya kilulani ijadiliwe hadharani watumiaji wote wakiwepo, wasikae viongozi peke yao wakaja na karatasi.

Watu wanauliza mbona kijiji cha jirani wanalipa kidogo na sisi tunalipa nyingi. Mara nyingi jibu liko kwenye nguvu ya kusukuma maji. Mradi wa mserereko, maji yanatoka mlimani yanashuka yenyewe, hauna gharama ya mafuta. Mradi wa sola umeshatoa hela yake mwanzoni. Mradi wa umeme una bili, na wa jenereta la dizeli huo ndo mzigo kabisa. Juu ya hapo kuna mshahara wa fundi, dawa ya kutibu maji, koki na viungo vya bomba, na akiba ya siku pampu itakapoungua. Na hapa mtu anaweza kusema sasa ile tozo ya kwenye mafuta inaenda wapi? Ni kweli kila lita ya petroli na dizeli kuna shilingi 50 inaenda Mfuko wa Taifa wa Maji, hata wa bodaboda akiweka lita moja kachangia, ila hela hiyo kazi yake kubwa ni kujenga na kukamilisha miradi, haiji kumlipa fundi wenu mshahara wala kununua koki iliyokatika jana.

Ila sasa kulipa kunakuja na haki ya kuuliza. Chombo kinatakiwa kisome mapato na matumizi mbele ya wananchi. Msikubali kuambiwa "hela ipo benki" halafu basi. Ulizeni tumeuza uniti ngapi, dira (mita) ya kwenye tenki inasema zimetoka uniti ngapi, tofauti imeenda wapi. Hiyo tofauti ndo inaitwa upotevu wa maji, ni maji yaliyozalishwa yakapotea kwa kuvuja, kwa wizi au kwa dira mbovu, na pengo lake mnaolipa ndo mnaoliziba.

Kwa mjini mambo ni hayo hayo ila majina yanabadilika. Huko hamna chombo, kuna mamlaka ya maji na usafi wa mazingira, kama DAWASA kwa Dar es Salaam, na mdhibiti wake ni EWURA. Mamlaka haiwezi kuamka asubuhi ikapandisha bei, inapeleka maombi EWURA, na EWURA inaitisha mkutano wa taftishi. Hili neno linawatisha watu lakini maana yake ni mkutano wa kukusanya maoni tu, na mwananchi yeyote anaingia anasema. Nimeshaona taftishi ukumbi umejaa watumishi na waandishi wa habari, wateja wenyewe wa kuhesabu, halafu bei ikitoka ndo kelele zinaanza mtaani. Mkiona tangazo nendeni jamani, hata ukienda na ankara zako tatu tu ukawaonesha maji yanatoka siku ngapi kwa wiki hiyo ni hoja nzito.

Kuhusu dira, watu wa mjini wanaiita mita, kwa kawaida bomba la kuja mpaka kwenye dira na dira yenyewe ni mali ya mamlaka, kuanzia dira kuingia ndani ni lako. Kwa hiyo bomba likipasuka kabla ya dira piga simu kwao na usiguse, likipasuka baada ya dira unatafuta fundi mwenyewe na maji yaliyomwagika yanasomeka kwako. Kwenye dira nyingi tarakimu nyeusi ni uniti, nyekundu ni chini ya uniti. Ankara ikikushtua usikimbilie kugombana na msoma mita, funga koki zote ndani usiku, angalia kale kagurudumu kadogo kwenye dira, kama kanazunguka na hamna anayetumia maji basi una mvujo mahali, mara nyingi ni choo cha kufulashi au boya la simtanki.

Na kama umehakikisha huna mvujo na ankara bado haieleweki, anza kwa mtoa huduma mwenyewe na uanze kwa maandishi, mdomo unasahaulika. Andika tarehe, namba ya akaunti, namba iliyosomeka kwenye dira siku hiyo, piga picha ya dira kwa simu, na nakala yako wagonge muhuri wa kupokea. Wasipokujibu au jibu lisipokuridhisha unapeleka EWURA, na kama unaona huwezi kujieleza kuna baraza la watumiaji, EWURA CCC, kazi yao ni kumsimamia mtumiaji. Usiporidhika na maamuzi ya EWURA rufaa inaenda Baraza la Ushindani. Kijijini unaanza na chombo, kisha RUWASA wilaya, na ile karatasi yenye muhuri unaenda nayo kila unapopanda, ndo kitu cha kwanza watakachokuuliza.