Kupanda Rungwe peke yako kwa siku moja: mnavyodanganyana na ukweli wenyewe

Watu wanasema mengi kuhusu mlima Rungwe wa huku kwetu Mbeya, naanza na ile kauli inayoniuma zaidi. "Aah, Rungwe si mlima wa kuogopa, Kilimanjaro ni mita 5,895 huu hata 3,000 haufiki, unapanda asubuhi mchana uko mjini Tukuyu unakula wali." Kweli haufiki, kilele kiko kama mita 2,960, na kichwa kikikuuma kule juu mara nyingi ukishuka kinaacha. Ila jamani kinachoumiza watu Rungwe sio urefu, ni kulowa na giza.

Hewa inapoa kama digrii 6 kila ukipanda mita 1,000. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700, sasa ile baridi yetu ya mwezi wa sita punguza digrii 7 au 8 zingine, afu ongeza upepo, afu ongeza nguo mbichi. Mimi nilipanda na fulana ya pamba na sweta, mvua hakuna kabisa, ni ukungu tu na majani marefu yanayokufuta maji mapajani njia nzima, nafika juu nataka kula maandazi yangu vidole vimegoma, zipu ya begi nikaifungua kwa meno. Na koti kavu lilikuwa humohumo ndani ya begi! Mwili ukianza kuishiwa joto akili nayo inakuwa nzito, unaona uvivu hata kuvaa. Kwa hiyo usiniambie "masika yameisha, hulowi". Rungwe inadaka mawingu yanayopanda kutoka Ziwa Nyasa, upande wa kusini mashariki mvua inakaribia milimita 3,000 kwa mwaka, msitu ule haukauki. Pamba ikilowa inakaa na maji yake, bora sweta la sufu la mtumba, na shati la kubadilisha ulifunge kwenye nailoni, ulivae kabla hujakaa kupumzika.

"Ukipotea fuata maji yatakufikisha kijijini." Hii tumeambiwa tangu watoto na bondeni inafanya kazi. Kule juu hapana. Huu ni mlima wa volkano, makorongo yake ni makali, unafuata kijito dakika ishirini vizuri tu, unateleza kidogo hapa unajishika mwanzi pale, afu ghafla maji yanadondoka na chini huoni kitu, kurudi nako ulipoteleza hapapandiki. Ukishastuka kwamba njia siyo, simama. Rudi taratibu mpaka mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika, vaa kila ulichonacho, piga filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika, rudia. Ukungu huwa unafunguka.

Simu? Wanasema bila mtandao ramani imekufa. Si kweli, GPS inasoma setilaiti, wewe pakua ramani ukiwa bado mjini na simu ikae mfuko wa ndani maana baridi inamaliza chaji.

Afu hili la muda. Mwezi wa sita huku jua linachomoza karibu saa moja asubuhi, saa kumi na mbili na nusu jioni limezama, na kwetu likizama halibembelezi, nusu saa tu ni giza, ndani ya mianzi hata mapema zaidi. Saa saba mchana ikikukuta hujafika kileleni geuza, hata kama unakiona.

Na peke yako haimaanishi kujificha. Tangu 2009 ni hifadhi ya mazingira asilia iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kuna kibali, wengine wanapita njia za panya kukwepa kulipa wanasahau kwamba hakuna anayejua wako huko. Mimi napenda kwenda mwenyewe, ukitembea kimya ndio unaweza kubahatika kumsikia kipunji, yule kima ambaye wanasayansi wamemtangaza 2005 tu wakati wazee wa huku wana jina lake siku zote. Ila kabla sijaingia msituni napita kwa mama mmoja anauza chai pale chini. Shikamoo mama, napanda, saa kumi na moja nisipopita hapa sema. Ananiitikia, ananiwekea viazi kwenye gazeti, na jioni napita kwake hata kama miguu haitaki.