Je, wajua umeme wa Pemba hautoki Unguja?

Nilipokuwa skuli niliamini, bila ya kumuuliza mtu, kwamba umeme wa Pemba hufika kwanza Unguja, kwa sababu meli na barua zilipita huko. Sivyo. Nyaya za baharini za Unguja huanzia Ras Kiromoni, karibu na Dar es Salaam, na kuibukia Fumba: wa mwanzo ni wa mwaka 1980, wenye uwezo wa megawati 45, na wa pili ni wa 2013, wenye megawati 100. Waya wa Pemba, wa kilovoti 33, uliolazwa 2010, ulitoka Tanga. Anayetaka kufuata njia hizo za umeme kutoka Chake Chake hadi Mji Mkongwe hana budi kuvuka bahari mara mbili na kukatiza bara.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi: niliudhani umeme ni mzigo unaopakiwa mahali fulani kwa jina la mpokeaji. Gridi, yaani mtandao wa mitambo na nyaya zilizoungwa pamoja, inafanana zaidi na wavuvi wanaovuta ngalawa kwa kamba kuipandisha mchangani kwa wimbo. Wote huvuta kwa mpigo mmoja, na ngalawa ikisogea hakuna awezaye kusema hatua ile ni ya nani. Mchanga ukiwa mzito, wimbo hupungua mwendo kwa wote. Mpigo wa gridi yetu ni mizunguko 50 kwa sekunde. Wete, kule Pemba, wanapowasha taa wakati wa magharibi, mtambo wa Kidatu, kwenye mto Ruaha Mkuu, nao hulemewa kidogo, kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, na maji huongezwa ili urudi kwenye mwendo wake. Mtambo mgeni hauruhusiwi kushika kamba kabla ya kuudaka mpigo huo. Ukikosea, huweza kuharibika.

Kamba, yaani waya wa baharini, ikikatika, walio ng'ambo hubaki na nguvu zao wenyewe. Kuanzia Disemba 2009 Unguja ilikaa gizani kwa takriban miezi mitatu, ilhali Pemba, ambayo ilikuwa bado haijaungwa, iliendelea kuwaka kwa jenereta za dizeli za Wesha. Inavutia kuhitimisha kwamba upweke ni salama zaidi, lakini tukio moja si ushahidi wa kutosha, na dizeli ni ghali. Mwaka uliofuata, 2010, Pemba nayo ikashika kamba.