Mbona Huyu Hujamsoma? Dhana Potofu kuhusu Vitabu vya Picha vya Upelelezi kwa Watoto Wadogo

Kuna kitabu cha picha kiitwacho Rosie's Walk, cha mwandishi na mchoraji Mwingereza Pat Hutchins, kilichotoka mwaka 1968. Kina maneno 32 tu, na yote ni sentensi moja: kuku katoka kutembea shambani, akapita hapa na pale, akarudi nyumbani kula. Basi. Nilimsomea binti yangu wa miaka minne, nikatafsiri papo hapo, nikamaliza kabla chai haijapoa. Nikakifunga. Akakifungua tena, akaweka kidole kwenye picha: "Baba, mbona huyu mbwa mwekundu hujamsoma?"

Alikuwa mbweha. Katika karibu kila ukurasa yuko nyuma ya kuku, anamvizia, na kila akiruka anapatwa na balaa: mara kakanyaga reki, mara katumbukia bwawani, mara kamwagikiwa unga. Maneno hayamtaji hata mara moja. Mimi nisomaye sikumtilia maanani, nikamkosa. Asiyejua hata herufi moja ndiye aliyemkamata.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza kwa sikio jingine yale wazazi wenzangu wanayosema juu ya vitabu vya namna hii, vya nyayo mchangani, ufunguo uliopotea, sanduku lisilofunguka. Mengi nami niliyaamini.

"Picha ni pambo tu, kusoma ni maneno"

Mwaka 2005 watafiti wa Kanada, Mary Ann Evans na Jean Saint-Aubin, walifuatilia kwa vifaa macho ya watoto wadogo waliokuwa wakisomewa vitabu. Macho yalikaa kwenye picha karibu muda wote. Maandishi yaliguswa kidogo mno. Wapo wanaoliona hilo kuwa hasara, na kweli, ukitaka mtoto azoee herufi itabidi umwonyeshe kwa kidole. Lakini katika hadithi ya fumbo, picha ndiyo mahali pa tukio. Mchoraji mzuri huficha kidokezo kule ambako maneno hayafiki: dirisha lililokuwa limefungwa ukurasa wa 4 liko wazi ukurasa wa 6, au mjomba anayesema hakutoka nje viatu vyake vina tope. Jicho la mtu mzima hukimbilia herufi kwa mazoea. La mtoto linabaki chumbani, linapekua. Kwa hiyo mkisoma pamoja, kila mmoja ana kazi yake, na ya mtoto ndiyo ya upelelezi.

Ndiyo maana kufunua ukurasa haraka ni kosa kubwa kuliko kukosea matamshi.

"Mambo ya upelelezi ni ya kizungu, sisi zetu ni za sungura na fisi"

Hapa mimi hubishana hadi chai ipoe kweli. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Yai! Fumbo limewekwa, vidokezo vimetolewa vichache kwa makusudi, watu wanakisia, na aliyeshindwa anadaiwa mji ndipo apewe jibu. Mtoto aliyekulia kwenye vitendawili tayari anaijua mashine yote ya hadithi ya siri. Kilichobaki ni kuiwekea picha. Na kwa wakubwa, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. (Hicho si cha watoto wadogo. Kiacheni kwenye rafu, watakifikia.)

"Mtoto yeyote ataelewa, mradi umweleze"

Kuelewa nini? Hapa ndipo wengi hununua kitabu, kikawashinda, wakasema mtoto hapendi kusoma.

Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner walichapisha jaribio lililopata umaarufu. Mtoto anasimuliwa juu ya Maxi, aliyeweka chokoleti kabatini akatoka. Mama yake akaihamishia kabati jingine. Maxi akirudi ataitafuta wapi? Watoto wa miaka mitatu kwa kawaida hujibu: kule ilikohamishiwa. Wao wanajua iliko, kwa hiyo na Maxi anajua. Kuanzia miaka minne au mitano hivi wengi huanza kuona kwamba mtu anaweza kuamini jambo lisilo kweli.

Sasa fikiria hadithi ya mwizi anayejifanya rafiki. Nguvu yake yote iko katika tofauti kati ya anachojua mwizi, anachojua mpelelezi na tunachojua sisi. Kwa wa miaka mitatu tofauti hiyo haijakomaa, hata ukieleza mpaka koo likauke. Mpe vya kutafuta: paka kajificha wapi, mkia huu wa nani, nani kala embe. Visa vya kudanganyana vingoje. Kumtangulizia si kumharakisha. Ni kumchosha bure.

"Zitamtisha, ataota usiku"

Dhana hii ina ukweli ndani yake, sitaikana. Picha ya giza lenye macho mawili inaweza kumtoa mtoto usingizini. Lakini kitabu si televisheni: kinasimama unapokisimamisha. Binti yangu ana ukurasa mmoja wa pango ambao kwa wiki mbili tuliuruka. Siku ya kumi na tano akasema mwenyewe turudi, akauangalia akiwa ameshika mkono wangu, akatangaza kwamba lile zimwi ni koti limetundikwa. Ilikuwa kweli koti. Chagua kisa cha keki kuibwa badala ya mtu kuuawa, kaa karibu, usizime taa.

"Akishamjua mwizi, kitabu kimekwisha"

Mtu mzima ndiye hufikiri hivyo. Mtoto anataka kilekile, kesho na keshokutwa, na ana haki. Jessica Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex walionyesha mwaka 2011 kwamba watoto wa miaka mitatu waliosomewa hadithi ileile mara kwa mara walishika maneno mapya vizuri kuliko waliosomewa hadithi mbalimbali zenye maneno yaleyale. Katika hadithi ya siri kuna faida ya pili: akijua mwisho, anarudi nyuma kuukagua ushahidi. "Kumbe hapa alikuwa amevaa kofia!" Huo ndio upelelezi wenyewe, mara ya kwanza alikuwa anakimbizana na matukio tu.

"Asinikatize, tutapoteza mtiririko"

Mwacheni awakatize. Grover Whitehurst na wenzake wa Marekani, mwaka 1988, waliwafundisha wazazi wa watoto wa miaka miwili hivi kuuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, na kumwacha mtoto aongee zaidi wakati wa kusoma. Mwezi mmoja tu, na watoto hao wakawatangulia wenzao katika kujieleza. Swali langu ni moja: "Unaona nini?" Kisha nanyamaza, jambo ambalo kwangu ni gumu kuliko kusoma kwenyewe. Kitabu kikiwa cha Kiingereza nakisimulia kwa Kiswahili. Na bibi asiyesoma kabisa anakiendesha vizuri kuliko mimi, maana hana maneno ya kumkimbiza.

Siku hizi binti yangu amegeuza mchezo. Anatafuta kitu kwenye picha, ananitegea, nikishindwa anadai mji. Nimeshatoa Tanga, Dodoma na Kigoma. Morogoro nimekataa, bibi yake anaishi huko.