Ndege ya jeshi ikishavuka milima ya Mitumba, inaongea kwa njia gani?

Ndege kubwa ya jeshi ikipita juu ya Bukavu kuelekea magharibi, wanafunzi wetu wa mawasiliano hawakosi kuuliza: ikishavuka milima, nani anaisikia? Redio ambayo rubani hutumia kuongea na mnara wa uwanja wa ndege, kama ule wa Kavumu, ni ya VHF, yaani masafa ya juu sana, megahezi 118 hadi 137. Wanajeshi huongeza UHF, ya juu zaidi, megahezi 225 hadi 400. Mawimbi hayo huenda moja kwa moja. Ndege iliyo mita 10,000 angani inasikika hata kilomita 350, lakini ikishuka kutua Shabunda, mlima mmoja unatosha kuikata.

Hapo ndipo HF inapoingia, redio ya masafa ya chini kuliko hayo, megahezi 3 hadi 30 hivi. Watu wa Kivu wanaijua tangu zamani: ndiyo foni. Kabla ya simu za mkononi, parokia, hospitali na wanunuzi wa madini waliita Shabunda au Kindu kwa foni, antena ikiwa waya uliofungwa kati ya miti miwili. Redio ya ndege ya jeshi ni ya ukoo huo huo. Ndege za mizigo za C-130 za zamani zina waya unaotoka juu ya chumba cha marubani hadi kwenye mkia, na mtu aliye karibu anauona kwa macho. Ndege mpya huficha antena yao ndani ya mkia.

Mawimbi ya HF hupanda hadi ionosfia, tabaka la anga lenye chembe za umeme, kisha hupindwa na kurudi ardhini mbali sana. Kasoro yake ni kwamba katikati hubaki eneo bubu, lisilosikia kitu. Kwa milima kama yetu, dawa ni kuyarusha karibu wima, kwa megahezi 2 hadi 10, nayo hurudi kama maji ya bomba lililoelekezwa juu, yakilowesha pande zote. Waya wa parokia uliotundikwa chini chini ulikuwa ukifanya kazi hiyo bila padri kujua.

Ila ionosfia hubadilika kila saa: mchana hutumika masafa ya juu, yaani ya megahezi nyingi, usiku ya chini. Zamani fundi alitafuta kwa sikio. Siku hizi redio za jeshi hujaribu masafa zenyewe na kuchagua yanayofaa. Radi ni adui mwingine, na hapa kwetu si adui mdogo. Katika orodha ya mwaka 2016, iliyotokana na vipimo vya setilaiti vya miaka 16, eneo lililopewa jina la Kabare lilikuwa la pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Kila mmweko ni mkwaruzo sikioni mwa rubani.

Basi kwa nini wasitumie setilaiti tu? Wanazitumia sana. Za kampuni ya Inmarsat ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na sisi tulio karibu na mstari huo tunazipata kwa urahisi. Kampuni ya Iridium ina 66, kilomita 780 hivi juu. Sauti ni safi, ramani na maandishi hupita, na mazungumzo husimbwa ili wengine wasiyaelewe. Lakini mara nyingi setilaiti ina mwenyewe, naye anaweza kushambuliwa. Tarehe 24 Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, shambulio la kompyuta lilizima maelfu ya modemu za setilaiti ya KA-SAT, hata nje ya Ukraine.

HF nayo huzimika. Tarehe 6 Septemba 2017 mlipuko mkubwa wa Jua uliikata upande wa dunia uliokuwa na mchana, Karibiani ikiwa katikati ya kimbunga Irma. Kwa maoni yangu, jeshi linalobakiza njia moja tu, iwe ipi, limejiziba sikio.

Kwa wenye foni hapa Bukavu: masafa ya HF ya ndege yametawanyika kati ya megahezi 2.8 na 22, kwenye mashine ile ile mnayotumia. Yako mafungu mawili, la njia za kawaida za abiria na la nje ya njia hizo, ambalo majeshi hutumia zaidi. Ukiwakuta marubani wakiongea, usibonyeze kitufe cha kusema, hata kwa kujaribu. Badili masafa kwanza, ndipo umwite mtu wako wa Shabunda.