Je, wajua doa moja kwenye jiwe la Dodoma lina wakazi wangapi?

Anayepanda kimojawapo cha vilima vya mawe vinavyouzunguka mji wa Dodoma, au anayepita kati ya majabali ya Singida, huona kwamba jiwe halina rangi moja. Juu ya itale kumetapakaa madoa ya mviringo, mengine ya kijivu kilichopauka, mengine ya kijani cha ndimu, machache ya rangi ya chungwa, na pale yanapoteremkia maji ya mvua kuna michirizi myeusi kama masizi ya sufuria. Wengi hudhani kuwa ni kutu ya jiwe, au ukungu, au rangi iliyomwagika zamani. Sehemu kubwa ya madoa hayo ni viumbe hai vinavyoitwa likeni, na swali la ni viumbe wangapi hasa wanaoishi ndani ya doa moja limewagombanisha wataalamu kwa zaidi ya miaka 150.

Hapo kwanza jibu lilikuwa mmoja, kwa kuwa likeni ilihesabiwa kuwa mmea mdogo wa aina yake. Mwaka 1867 Simon Schwendener, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, alitangaza kwamba ni wawili: kuvu, na mwani wa seli moja uliofungiwa katikati ya nyuzi za kuvu huyo. Aliufananisha uhusiano huo na wa bwana na watumwa wake, na wataalamu wengi wa likeni wa zama zake walimbeza, kwa sababu viumbe walivyovichunguza maisha yao yote vilikuwa vimegeuzwa ghafla kuwa kuvu aliyeteka mwani. Hatimaye hadubini ilimpa haki. Likeni ikikatwa kipande chembamba huonekana tabaka la juu lililoshikamana kama plasta ya ukuta, chini yake mstari wa seli za kijani, kisha nyuzi za kuvu zilizolegea zenye nafasi za hewa. Mwani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humwendea kuvu, ambaye kwa upande wake hutoa makazi, kivuli na mahali pa kuhifadhi unyevu. Katika baadhi ya likeni nafasi ya mwani hushikwa na sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea.

Ubia huo unaishije Dodoma, ambako mvua huja kwa msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki jiwe huunguzwa na jua mchana kutwa? Likeni haina mizizi wala ghala la maji, na haishindani na ukame. Inakauka kabisa, shughuli zake zote zinasimama, na inasubiri. Jambo hili linaweza kushuhudiwa kwa macho bila kifaa chochote. Mwezi wa Septemba, mtu akichukua maji ya kujaa kizibo cha chupa na kuyadondosha juu ya likeni ya kijivu yenye kingo zilizokunjamana kama majani makavu, baada ya muda mfupi kijivu hufifia na kijani hujitokeza, kwa kuwa tabaka la juu likilowa hupitisha mwanga na mwani uliojificha chini yake huonekana. Likeni zenye mwani wa kijani zinaweza hata kuamshwa na unyevu wa hewa ya alfajiri peke yake, zikafanya kazi saa chache za asubuhi kabla jua halijapanda, ilhali zile zenye sianobakteria huhitaji maji yenyewe. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya weusi ufuate njia za maji jabalini, ambako sianobakteria huishi wakiwa peke yao au ndani ya likeni.

Kiumbe anayefanya kazi kwa vipindi vifupi namna hiyo hawezi kukua haraka. Likeni nyingi zilizogandamana na mwamba huongezeka chini ya milimita moja kwa mwaka, hivyo kijana aliyekwangua jina lake jabalini, kovu jeupe aliloliacha huenda wajukuu zake wakalikuta. Uvumilivu huo ulipimwa hata angani. Mwaka 2005 likeni za aina mbili zilirushwa kwa chombo cha Foton-M2, zikakaa takriban wiki mbili bila hewa, zikipigwa na mionzi ya jua, na ziliporudi duniani zilionekana kuwa bado zinaweza kujitengenezea chakula.

Hesabu ya wawili ilidumu katika vitabu vya shule mpaka mwaka 2016, ilipotetereka kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia. Mtafiti wa likeni Toby Spribille na wenzake walikuwa wakichunguza likeni mbili za Amerika ya Kaskazini zinazoning'inia mitini kama nywele. Ya kwanza, Bryoria fremontii, ni ya kahawia, na wenyeji wa asili wa huko waliipika na kuila tangu zamani. Ya pili, Bryoria tortuosa, huwa na umanjano kwa sababu imejaa asidi ya vulpini, ambayo ni sumu. Ajabu yake ni kwamba vinasaba vilionyesha kuvu yule yule na mwani ule ule katika zote mbili, kana kwamba wapishi wawili wametumia unga mmoja na mafuta yale yale, mmoja akatoa andazi na mwingine akatoa sumu. Watafiti walipopanua msako wao na kutafuta pia jeni za kuvu wa makundi mengine, walikuta mbia wa tatu, kuvu mwingine wa namna ya hamira, aliyejibanza ndani ya lile tabaka la juu, na ambaye alikuwa mwingi zaidi katika ile yenye sumu. Hamira za ukoo wake walizikuta pia katika likeni nyingine nyingi kutoka mabara mbalimbali.

Habari hiyo ilienea upesi, na wapo waliotangaza kwamba kila likeni ina wabia watatu. Hapo walikwenda mbio kuliko ushahidi. Mwaka 2019 kundi jingine, likiongozwa na James Lendemer, lilichambua spishi 339 za likeni na kukuta hamira za aina hiyo katika chache tu. Mwaka huo huo, katika likeni ya mbwamwitu, ambayo watu wa Skandinavia waliitumia kutegea mbwamwitu kwa sumu yake, kuvu mwingine tena, wa jamii ya Tremella, alionekana kuwamo ndani ya tabaka la juu. Kwa maoni yangu, fundisho la ugomvi huu si kwamba namba tatu ni sahihi au si sahihi, bali kwamba namba hutegemea ni doa gani limechunguzwa na kwa kifaa gani.

Wapo pia wakazi ambao wataalamu waliwajua kabla ya vinasaba kusomwa, nao ni kuvu wanaoishi juu ya likeni za wenzao. Zaidi ya spishi 2,000 zimekwisha kuelezwa. Anayezijua nyumba za kupanga za Area C au Chang'ombe ataielewa hali yao bila shida, maana mbele yupo mwenye nyumba, uani wapo wapangaji, na hakosekani shemeji wa mpangaji aliyekuja kwa wiki moja akamaliza mwaka. Baadhi ya kuvu hawa hula polepole bila kumdhuru sana mwenyeji, wengine humfanya atokwe na vinundu, na wengine huua sehemu ya likeni ikabaki baka jeupe. Wengi wao huchagua sana, kiasi kwamba anayeishi juu ya jenasi moja ya likeni, yaani kundi moja la spishi za karibu, haonekani kwenye nyingine. Kuna hata likeni inayoanza maisha kwa unyang'anyi: Diploschistes muscorum huota juu ya likeni ya jenasi Cladonia, hutumia mwani wa mwenyeji wake, na inapokomaa na kujitegemea huuacha mwani huo na kuchukua wa aina nyingine.

Bakteria nao wamo. Katika likeni moja ya misitu ya Ulaya, Lobaria pulmonaria, kundi la Martin Grube wa Graz, Austria, lilikuta dalili za spishi zaidi ya 800 za bakteria, ambao baadhi yao wana jeni za kunasa naitrojeni na za kuyeyusha fosfati, yaani mbolea isiyopatikana kwa urahisi mahali pasipo na udongo. Mwaka 2020 Grube na David Hawksworth walipendekeza likeni ielezwe upya kuwa mfumo ikolojia mdogo unaojiendesha, ulioundwa na kuvu, mshirika wake anayetengeneza chakula kwa mwanga, na idadi isiyo maalumu ya viumbe wengine wadogo.

Mwenye kioo cha kukuzia anaweza kuanza kuwatafuta wakazi hao juu ya jiwe lolote la Dodoma. Visahani vidogo vilivyojipanga kwenye likeni huwa ni vya kuvu mwenye nyumba, ambaye humo hutengeneza spora zake, yaani chembe zake za kuzaliana. Nukta nyeusi zilizokusanyika upande mmoja, hasa pale likeni ilipobadilika rangi, zinaweza kuwa za mgeni, ingawa atakayethibitisha ni yule mwenye hadubini, kwa kuhesabu vyumba vya spora na kutazama rangi yake. Mwaka 1988 wataalamu wa likeni Swinscow wa Uingereza na Hildur Krog wa Norway walichapisha maelezo ya likeni za Afrika Mashariki, lakini walijihusisha na zile kubwa zenye umbo la majani au vichaka. Zile zilizogandamana na mwamba kama rangi ya ukuta, ambazo ndizo zinazolivika jiwe la hapa, pamoja na wageni wake, hawakuzigusa.